Mvua Haikupungua

Wapendwa, kulikuwa na nchi moja iliyorusha setilaiti yake angani, na katika nchi hiyo kulikuwa na waziri wa fedha asiyeipenda hata kidogo. Msimcheke. Alikuwa na sababu. Dada yake, waliyenyonya naye ziwa moja, alifia njiani kwa uchungu wa uzazi, amelazwa nyuma ya pikapu, kwa kuwa kijijini kwao hapakuwa na zahanati. Tangu siku ile, kila mara kituo cha setilaiti hiyo kilipoomba fedha, waziri alijiuliza: tunatafuta nini huko juu, na huku chini tunazika? Nanyi mniambie, kosa lake liko wapi?

Basi akaamua kukifunga. Hotuba ya bungeni ilikuwa tayari. Ila alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuhukumu asichokiona, akaenda mwenyewe.

Akapokelewa na mhandisi, mama wa makamo, aliyemkalisha mbele ya skrini kubwa ukutani. "Karibu, Mheshimiwa. Hizi ni picha za asubuhi ya leo, tumeziunganisha zinakwenda."

Waziri akatazama. Dunia nzima ilikuwa mbele yake, ya buluu, inaning'inia pasipo kamba wala nguzo, mawingu yakienda juu yake polepole kama pumzi ya mtu aliyelala. Aliitafuta mipaka ya nchi yake, asiione. Aliutafuta mji mkuu, wenye ofisi yake na msafara wake wa magari. Ulikuwa alama ya kijivu isiyofika ukubwa wa ukucha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tangu utoto alikuwa akiimba kanisani kwamba Mungu ni mkuu. Siku hiyo aliuona ukuu wenyewe.

"Mnaweza kunionyesha kwetu?" akauliza, sauti imeshuka.

Mhandisi akaivuta picha karibu. Nchi ikakua, mto ukatokea, kisha mlima ulio juu ya nyumba ya mama yake. Waziri akakunja uso. Mlima ulikuwa mwekundu, kama kidonda kilichobanduka kigaga.

"Ukame huo," akasema. "Mto wetu umekauka. Mungu ametunyima mvua."

Maneno hayo hayo alikuwa amewaambia wanakijiji kanisani, amesimama mbele, nao wakaitikia amina, wakafunga na kuomba.

Mhandisi akajibu kwa adabu. "Mvua haikupungua, Mheshimiwa. Mawingu yake tunayaona kila msimu, yanakuja vilevile. Kilichopungua ni msitu uliokuwa ukiyashika maji yake." Akaweka picha ya miaka michache nyuma: mlima ule ule, kijani kitupu, miti imeshonana. "Kuna mtu alitoa kibali cha kukata. Sisi hatumjui. Kutoka juu jina halionekani."

Waziri alimjua mtu huyo. Ndiye aliyekuwa amekalia kiti kile mbele ya skrini. Alisaini mwenyewe, alipokuwa wizara nyingine, kumfurahisha rafiki aliyemsaidia kwenye uchaguzi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pagumu. Hotuba yake ilikuwa bado ya kweli. Zahanati zilikuwa bado hazijajengwa. Angesimama bungeni aseme kituo kifungwe tujenge zahanati, nchi nzima ingempigia makofi, na picha ile isingeonekana tena na mtu. Ukweli aliokuja nao kwa uchungu wa dada yake ungegeuka blanketi la kufunikia dhambi yake. Nani angejua?

Alizirudia picha zile kuzitazama, moja baada ya nyingine. Mwishowe akasema, "Nipe picha hizo mbili, mama."

Bungeni alizionyesha zote mbili, akalitaja jina lake mwenyewe. Akaomba zahanati zijengwe, akaomba na lile jicho la juu lisifumbwe. Wabunge wakabishana mpaka jioni. Wakakipunguzia kituo fedha, wakaanza zahanati, na kituo kikabaki wazi. Uwaziri aliupoteza wiki hiyo hiyo. Kijijini kwao wako wasiomsalimia mpaka leo.

Na sisi je? Serikali zetu tuziulize, tena kwa ukali, zinatumia kiasi gani huko angani, maana ni jasho letu. Lakini tusiseme kwamba mbingu hazituhusu. Yule waziri aliisingizia mbingu, nayo mbingu ikamjibu kwa picha. Wangapi hapa tumesema "ni mapenzi ya Mungu" juu ya jambo tulilolifanya kwa mikono yetu? Mtoto amekimbia nyumbani, tunasema Mungu anatujaribu. Mke hazungumzi nawe mwaka mzima, unasema Mungu anajua. Anajua, ndiyo. Anaona mlima wote, na yeye, tofauti na ile setilaiti, anaona na jina.

Tumefunga, tumekesha tukililia mvua, na mvua inanyesha, ndugu zangu. Inanyesha.

Tusimame tuombe. Ila leo tusiombe mvua.