Aliyemtoa Mhando

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na msikilize vizuri, kwa sababu nikimaliza nitawauliza swali na mimi mwenyewe jibu sina.

Palikuwa na ndugu watatu mjini Tanga, watoto wa marehemu Semboja. Kidawa, mkubwa wao, alirithi mkono wa baba yake katika kriketi: mpira wake ulidunda kama unakwenda kulia, kisha ukakata kushoto. Mbelwa, wa pili, alijifunza besiboli katika shule ya bweni. Huko mpira haudundi, unamjia mpigaji hewani moja kwa moja, na wake ulikuja kwa kasi hata waliodaka wakasugua viganja. Kitinda mimba, Mwanahawa, hakujua kurusha wala kupiga. Yeye alidaka. Kitu kikipaa, yeye alishafika chini yake kabla hakijaanza kushuka.

Tena palikuwa na Mhando, mpigaji wa kriketi aliyeweza kulinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake, ambavyo mrushaji akiving'oa mpigaji ametoka, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Zamani alicheza timu moja na Semboja, akamwonea wivu. Siku ya fainali akamtilia kizibo cha soda mfukoni, kisha akamwambia mwamuzi kwamba Semboja anaukwangua mpira ili upinde, jambo lililokatazwa katika kriketi. Semboja akapekuliwa, akafungiwa maisha. Aliona haya hata kwenda msikitini, akafa amejifungia chumbani. Miaka ikapita, Mhando akaisimulia hila yake harusini, kama kichekesho. Kidawa alikuwa jikoni akipakua pilau. Alisikia kila neno, na tangu siku hiyo hakumpa Mhando shikamoo.

Alirudi nyumbani akawaambia wadogo zake. Hakuna aliyelia. Walianza mazoezi, na hawakumwambia mtu kwa nini.

Walipokuwa tayari, Kidawa alimfuata Mhando klabuni, mbele ya wenzake. Ubishi wa siku hizo ulikuwa mchezo upi una mabingwa wa kweli. Mhando alikuwa akisema besiboli ni ya watoto: huko mpigaji akishindwa mara saba katika kumi bado anaitwa shujaa, lakini katika kriketi ukikosea mara moja, unakwenda kukaa. Kidawa akamwambia ajaribu yote mawili siku moja. Mhando akacheka, akaweka masharti yake.

"Mkishindwa, mtasema kwenye kipaza sauti kwamba baba yenu alikuwa mwongo wa uwanjani," alisema. "Mkinitoa katika kriketi na katika besiboli, yule aliyenitoa anipangie adhabu. Yoyote. Sitabisha."

Watu wote walisikia.

Asubuhi ya mchezo, Kidawa alirusha mpaka bega likawaka moto. Mhando aliipiga mipira yake pande zote, akawa anawapungia watu mkono. Kidawa alikuwa bado anauficha ule urushaji wa baba yake, wa kukata kushoto. Adhana ya adhuhuri ilipokaribia, akautoa. Mhando akauona hewani, na uso wake ukabadilika, kwa sababu aliwahi kuuona mpira wa namna ile ukitoka mkononi mwa marehemu. Ulidunda, ukakata, kijiti cha kati kikang'oka. Kidawa hakushangilia. Alimtazama tu mpaka alipoondoka.

Mchana ukawa wa besiboli. Mhando akashika gongo la mviringo, akaambiwa akikosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka. Mbelwa akarusha wa kwanza, gongo likapiga hewa. Akarusha wa pili, likapiga hewa tena. Mhando hakuwahi kukosa namna ile mbele za watu. Alirudi nyuma hatua moja, akafuta viganja kwenye suruali, na Mbelwa akamwona, akatabasamu.

Wa tatu aliupata. Aliupiga kwa hasira zake zote, ukapaa kuelekea uzio wa seng'enge. Mwanahawa alikimbia akiwa ameupa mgongo. Glavu ikamchomoka. Akanyoosha mkono mtupu, kama wafanyavyo wadakaji wa kriketi, akaudaka, akajigonga kwenye uzio. Alipoinuka, vidole viwili vilikuwa vimevunjika, na mpira ulikuwa bado umo mkononi mwake.

Mhando akaja, akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyemtoa.

Kidawa alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyemvunja moyo, na bila asubuhi kusingekuwa na mchana. Alitaka Mhando asikanyage uwanja tena maisha yake yote, kama baba yao. Mbelwa akasema mtu aliyefika kwa Mwanahawa alikuwa ameshakwisha, na yeye ndiye aliyemmaliza. Alitaka Mhando ashike kipaza sauti, aeleze habari ya kizibo huku wanawe wakimsikiliza. Mwanahawa alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani. Alisema dada alimtoa kwenye kriketi tu, kaka hakumtoa popote, na mpira ule usingedakwa, baba yao angebaki mwongo milele.

"Mimi sitamwambia adhabu yake," alisema. "Akalale, aamke, angoje. Kila nitakapokutana naye njiani ajiulize kama ndiyo leo."

Hapo Mhando akawaomba, kwa mara ya kwanza, wachague upesi.

Kidawa aliwatazama wadogo zake, akaona hakuna atakayemwachia mwenzake. Naye mwenyewe hakuwa tayari kuwaachia.

Wameshindwa kuamua, wamewaletea ninyi shauri lao. Mhando alisema mmoja tu. Je, mngempa nani haki ya kupanga adhabu?