Maziwa Yasiyokuwa na Nafasi

Mama mmoja wa milima ya Taita, jina lake Mkamburi, alikuwa na nyumba ya kulelea watoto yatima arobaini. Watoto hao waliishi kwa mikono ya watu. Majina ya watu hao yalikuwa katika madaftari matatu: moja la ofisini, moja la harambee, na la tatu, lenye madoa ya mafuta, lilikaa jikoni kwa mpishi.

Mkamburi aliyachoka madaftari. Akataka programu ya kompyuta ya kutunza majina ya wafadhili, na muuzaji mmoja akamwonyesha iliyo kubwa kuliko zote. Ilichora michoro ya rangi, ikaandika barua yenyewe. Loo, moyo wake ulijaa! Hakuuliza kama ingewafaa watu wake. Mpishi alipomwambia kwamba watu wale wanataka kujuliwa kwanza, alicheka tu, maana mpishi atajua nini kuhusu kompyuta? Akaamuru majina yote yaingizwe kama yalivyo, kisha barua zikapelekwa posta.

Sasa kulikuwa na mzee, mwalimu mstaafu, aliyeleta maziwa kila asubuhi kwa miaka saba. Daftari la ofisini lilimwita E. M. Mwakio, aliyewahi kuleta blanketi. La harambee lilimwita Mwalimu Mwakio, mtu wa mabati. La jikoni lilimwita Baba Mghoi, kwa jina la bintiye, kama jirani anavyoitwa. Watu watatu, na mtu ni mmoja! Kisha programu ile ilikuwa na nafasi ya kuandika fedha na vitu vya dukani peke yake. Maziwa hayakuwa na pa kukaa, kwa hiyo Baba Mghoi akahesabiwa kuwa hajatoa kitu tangu azaliwe.

Siku moja mzee akafungua sanduku lake la posta, akakuta barua tatu. Ya kwanza ilimshukuru kwa mabati. Ya pili ilimlaumu kwa kunyamaza miaka miwili. Ya tatu ilimweleza nyumba ile ni nyumba gani, ikamsihi aanze kusaidia. Kesho yake maziwa hayakuja. Watoto wakanywa chai ya rangi, na wadogo wakalia.

Mkamburi alipanda mlima kwenda kwa mzee yule, amekasirika, kwa kuwa alidhani mzee amechoka kutoa. Mzee hakugomba. Alimkaribisha kiti, akazipanga zile barua mezani, moja kando ya nyingine, akasema, "Mama, mmeniandikia mara tatu, na hamjanijua hata mara moja."

Aibu ilimshika Mkamburi hata akashindwa kuinua uso. Lakini hakuwa mwanamke wa kulala na kosa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kweli: akashuka mpaka jikoni, akaketi juu ya kigoda, akamsomea mpishi majina yote, moja moja, siku tano. "Huyo ni yule yule," mpishi alikuwa akisema huku anachambua maharagwe. "Huyo alifariki, usimwandikie mjane wake hivyo." Majina mia sita yakabaki mia nne, na kila jina lilikuwa la mtu mmoja. Ile programu kubwa akairudisha. Akachukua ndogo, isiyo na mbwembwe, yenye nafasi ya mahindi na ya maziwa, na ya siku ya mtu aliyekuja kulima tu. Na kila Ijumaa alishuka na kompyuta yake hadi jikoni, akauliza nani kaja na nani kaugua.

Siku ya tisa tangu maziwa yakatike, barua moja ilimfikia mzee, imeandikwa: Baba Mghoi, asante kwa asubuhi za miaka saba. Kesho yake akaonekana mlangoni na madumu yake, akamsalimu mpishi kama kawaida.

Nawe unayejisifu kwamba watu wako wote umewaandika, je, maziwa yao umeyaandika wapi?