Semeni Alivyolala Kaburini

Paukwa!
Pakawa!
Waliosinzia?
Wafinywe!
Na wanaocheka?
Wangoje kwanza!

Hapo kale, kijiji cha Mbwegu, walikuwako ndugu wawili: Semeni na mdogo wake, Mrisho. Alikuwako pia zimwi, jina lake Gombera. Wengine husema Gombero, wanakosea. Gombero alikuwa baba yake, naye alikuwa na adabu.

Siku ya mavuno Gombera aliingia Mbwegu na magunia mawili.

"Watani wangu! Watoto hawa mmewalea vibaya. Nawachukua!"

Mnaujua utani. Mtani akikutukana, unacheka. Akibeba kuku wako, unacheka. Basi Semeni akatiwa guniani, watu wakacheka. Mrisho akatiwa, wakacheka. Mama yao, Bi Chiku, akapiga kelele, "Mtani, rudi umchukue na baba yao!"

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Ugali ulipoa, watoto hawakurudi. Njiani Semeni alilitafuna gunia kwa meno, akadondoka, akakimbia. Mrisho akaenda na lake.

Semeni alifuata nyayo hadi kwa Gombera, akasimama ng'ambo ya mto, akaita, "Nipe ndugu yangu!"

"Ndugu yupi?"

Mara ya pili. "Ndugu yupi?"

Mara ya tatu Gombera alimfungulia mbwa.

Kisha mama yake Gombera, Bi Nyakamba, akafa. Semeni alikutana njiani na mwanamke mwenye mzigo wa kuni.

"Shangazi, kuni za nini?"

"Za msibani kwa Gombera. Kuna kijana alikuwa akimkuna marehemu mgongo. Sasa mgongo haupo."

"Na kitoweo?"

"Kinalia ghalani."

Semeni alijipaka majivu usoni, akavaa chungu kichwani, akaenda. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Akaruka ndani, akajinyoosha.

"Shimo zuri! Bibi kizee atafute lingine."

"Mtoeni!" Gombera akanguruma.

"Ole wake atakayenigusa. Mimi ni mtani!"

Hata mazimwi yana mila, wasikilizaji wangu. Mtani msibani hapigwi. Hupewa anachotaka, ndipo maiti hushuka.

"Si mtani wangu huyu!"

"Mbona ulitutia maguniani mbele ya Mbwegu nzima ukituita watani? Kama hatukuwa watani, wewe ni mwizi wa watoto. Chagua!"

Wazee wa mazimwi wakamgeukia. "Ulisema?"

"Nilisema," Gombera akakiri.

"Basi toa."

Akaleta kuku. "Kuku huyu amerithi shingo yako. Sitaki!"

Akaleta mbuzi. "Ananuka kama kwapa lako. Sitaki!"

Akaleta ng'ombe. "Ana akili kukushinda. Mwache aishi. Sitaki!"

Jua likapanda. Bi Nyakamba naye akaanza kunuka. Wabebaji wakabana pua.

"Gombera, mama yako hangoji!"

"Unataka nini, wee mwana wa balaa?"

"Namtaka Mrisho mwana wa Chiku. Mzima, na vidole vyote kumi."

Ghala likafunguliwa. Mrisho akatoka, amekonda kama ufito, kucha zimekwisha kwa kukuna. Semeni akahesabu vidole. Kumi. Ndipo akapanda juu.

"Sasa mzike. Na wewe Gombera, siku yako ikifika, nitakuja kulala tena."

Walipofika Mbwegu watu walianza kucheka. Bi Chiku hakucheka. Aliwashika mikono wote wawili, na mtani mmoja alipopita siku ya pili na gunia tupu, mama huyo alicheka naye vizuri sana, bila kuiachia mikono ile.

Hapo ndipo hadithi ilipotua mzigo. Ikiwa imewapendeza, msifuni Semeni. Ikiwa imewaudhi, mkamtukane Gombera. Na jina lake mlitamke sawasawa.