Mwali wa Bwawani

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Na bwawa!

Maji yake yametulia?

Yametulia!

Nani kawaambia? Hebu sogeeni nyuma kidogo, niwasimulie.

Kiangazi kimoja mabwawa yote yalikauka, likabaki moja tu. Ndani yake alikaa Bi Mamba, mlafi asiyejua shibe. Aliyekwenda kunywa, aliliwa.

Juu ya mwamba aliishi Bi Pimbi, mdogo wa kutia kikapuni, na watoto wake wawili waliokauka midomo. Wasipokunywa watakufa, wakinywa wataliwa. Maskini Pimbi! Alikuwa na akili moja tu: kuyatazama maji kabla ya kuyagusa.

Asubuhi akashuka nao. Upepo hakuna. Jani halitikisiki. Lakini maji, chwa! chwa! yanalamba ukingo.

"Wanangu, juu!"

Puru! puru! wakapanda mwamba. Bi Mamba akaibuka, kwapu! akatafuna matope.

Jioni wakashuka tena. Upepo hakuna. Jani halitikisiki. Lakini mawimbi mawili madogo yanakuja, yameachana kama mkia wa mbayuwayu.

"Wanangu, juu!"

Puru! puru! Kwapu! Matope tena.

Bi Mamba akatema. "We Pimbi, kidudu we! Nani anakupasha habari zangu?"

"Mkia wako," Pimbi akajibu kutoka juu. "Ukiutikisa tu, maji yanasema yote. Mkia haukufundwa huo, shoga yangu. Chatu nilimfunda mimi. Ulishamwona na papara?"

Bi Mamba akameza mate. "Nifunde na mimi, uwe somo wangu."

"Utaweza? Mwali hasemi, hatikisiki, mpaka somo wake amtoe ndani. Ukitulia, wanyama wote watakuja kunywa mbele ya pua yako."

"Wote?"

"Na Nyati."

Aliposikia Nyati, akautoa mkia nje ya maji mwenyewe, ufundwe kutulia. Pimbi akashuka, akaufunga kwenye mzizi wa mkuyu kwa kamba ya mkonge, kaza! kaza! huku watoto wake wakipiga vigelegele kama wako arusini.

Kisha Pimbi akazunguka upande wa pili, akaketi, akatazama. Upepo hakuna. Jani halitikisiki. Na maji je? Kimya. Hakuna hata chwa moja.

"Wanangu, shukeni!"

Wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Akaja Swala, akanywa. Akaja Punda Milia, akanywa. Akaja Nyati, akanywa, akajimwagia kidogo kichwani apoe.

Bi Mamba akanong'ona, "Somo, wamefika wote. Nitoe!"

"Mwali hasemi! Umeharibu. Tunaanza upya."

Hasira zikampanda Bi Mamba. Akaruka. Mwili ukaenda, mkia haukwenda. Kwapu! akauma hewa. Nyati akamtazama, akaendelea kunywa.

Ndiyo maana mpaka leo, mkimwona Mamba katulia ukingoni, kinywa wazi, msidhani amelala. Anamngoja somo wake aje amtoe.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imepanda mwamba. Aliyeipenda aibebe. Asiyeipenda akamsimulie Mamba, yule hana pa kwenda.

Funzo? Mwanafunzi mwenye adabu hafi njaa. Mkitaka ushahidi, kamuulizeni Bi Mamba. Asipojibu, basi ndiyo adabu yenyewe.