Pimbi na Chai Iliyochelewa

— Nikibisha, mtanifungulia?
— Tutakufungulia!
— Nikiingia, mtanipa pa kukaa?
— Kaa, utusimulie!

"Nirudishie karanga zangu!"

"Zako wapi? Gurudumu limesema ni zangu!"

"Gurudumu linasema unavyotaka wewe!"

"Nenda kalie stoo huko, kipimbi wewe!"

Aliyekuwa akilalamika ni Pimbi, mgeni mdogo kuliko wote. Aliyekuwa akimcheka ni Fisi, meneja wa hoteli ya Tembo, yenye bwawa la kuogelea na ukumbi wa kamari. Mgeni akiweka karanga mezani, Fisi huzungusha gurudumu. Kr-kr-kr-kr... tik! Fisi ameshinda. Akiweka mwingine, kr-kr-kr-kr... tik! Fisi ameshinda.

Fisi hakujua kwamba Pimbi ametumwa. Tembo alikuwa amemwambia, "Jifanye mgeni. Utakula bure, utalala bure kwenye godoro laini, utacheza bure. Kisha uniambie kila ulichokiona. Ukiifanya vizuri, kazi hii ni yako siku zote."

"Na ubaya wake ni upi, mzee?"

"Hakuna atakayejua wewe ni nani."

"Huo ndio ubaya? Mbona nao ni mtamu!"

Basi pale mezani Pimbi akashikwa na kikohozi. Koho, koho! Kanga, mhudumu ambaye vifaranga wake walilala nyuma ya jiko, akaja mbio.

"Pole, mgeni wangu. Nakuletea chai."

Pimbi akangoja. Chai haikuja. Akangoja tena. Haikuja. Akachoka, akateleza chini ya meza. Kumbe! Huko chini mguu wa Fisi umekanyaga ubao, na ubao ndio unaosimamisha gurudumu.

"Zungusha, meneja!" Pimbi akapaza sauti. "Nimeweka zote zilizobaki!"

Kr-kr-kr-kr... Pimbi akautekenya ule unyayo, kiri-kiri-kiri. "Hii-hii-hiii!" Fisi akacheka, mguu ukaruka. Tik! Pimbi ameshinda.

Kr-kr-kr-kr... kiri-kiri-kiri. "Hii-hii-hiii!" Tik! Swala ameshinda.

Wageni wakashangaa, wakainua kitambaa cha meza. Ubao ule pale!

Pimbi akaenda kwa Tembo, akasimulia yote.

"Ni Fisi tu?" Tembo akauliza. "Mgeni wa siri mzuri haoni kosa moja tu."

Pimbi akaliona lile godoro laini linamponyoka.

"Kanga naye... alichelewesha chai."

"Alikuwa wapi?"

"Sijui."

Alijua. Chai ilipokuja mwishowe, ilikuwa na tangawizi mbichi ya kutuliza kikohozi, na kucha za Kanga zilikuwa zimejaa udongo wa bustanini.

Tembo akawafukuza wote wawili. Fisi akatoka kupitia dirishani, mkia katikati ya miguu. Kanga akakusanya vifaranga wake, kwii, kwii, kwii.

Hadithi yangu nimeifunika, anayetaka kuifunua aifunue. Fundisho lake ni hili: sema kila ulichokiona, utalala pazuri.

Mbona mmenyamaza? Mnataka kujua Pimbi alilala vipi? Sijui. Ninachojua ni kwamba Kanga alipofika mlangoni, alimkuta Pimbi amejibanza nyuma ya pazia, uso ameuficha. Akasimama. Akamwinamia, akamuuliza polepole:

"Mgeni wangu, kile kikohozi kimepoa?"