Bibi Kagendo na Trauti wa Maji Baridi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mmeitika kinyonge? Sogeeni basi, mnisikie.

Hapo kale, chini ya mlima wenye baridi, palikuwa na kijiji. Ukame ulimaliza mahindi, ukamaliza mbuzi. Nkatha, binti wa Bibi Kagendo, alikuwa amejifungua, na kwa njaa maziwa yakamkauka. Mtoto akalia, ng'aa, ng'aa, mchana kutwa. Bibi yake alikonda kwa uchungu.

Mtoni samaki walikuwepo. Trauti, wale wenye madoa mgongoni na mstari wa waridi ubavuni. Lakini hawakushikika. Desturi ilitaka mvuvi aufuate mto kutoka juu akipiga miguu, tu! tu! tu!, ili mto umjue kuwa ni mgeni, si mwizi. Wanaume wakashuka, tu! tu! tu! Samaki nao, churrr, chini ya mawe. Wanaume wakarudi mikono mitupu, wakasema mto umenuna.

Bibi Kagendo akaenda akalala kifudifudi ukingoni. Siku ya kwanza akatazama. Siku ya pili akatazama. Aliona nini, wenzangu? Aliona kila trauti ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, anangoja yamletee chakula. Aliona mdudu akielea, na samaki akaruka, chapu! Aliona mtu akikanyaga ukingo, hata kwa mbali, wote hutawanyika. Ajabu, maana masikio hawana. Akajua kuwa samaki huyu husikia mtikisiko kwa mwili.

Siku ya tatu akafunga unyoya wa jogoo kwenye ndoana, ukafanana na mdudu. Akaingia mtoni kutoka chini, ameinama, hatua moja, pumzi moja. Mkuu wa wavuvi, mzee Ntarangwi, akamwona.

"Kagendo, unaujia mto kwa nyuma kama mwizi. Utatuletea balaa."

"Mto hauna nyuma, mzee. Mwenye nyuma ni samaki, na huko haoni. Mjukuu wangu analia."

Akarusha unyoya mbele ya samaki. Chapu! Wa kwanza. Chapu! Wa pili. Wa tatu alikuwa jike, anachimba changarawe kwa mkia ili atage. Huyo Bibi alimwacha, akalizunguka shimo lake kwa mbali.

Nkatha akanywa mchuzi leo, kesho na kesho kutwa. Maziwa yakarudi. Mtoto akanyonya, akanyamaza, na Bibi akalia kwa furaha.

Kwa Ntarangwi pia watoto walikuwa na njaa. Akaja mlangoni kwa Bibi na fimbo yake ya ukuu, akaomba kufundishwa. Bibi hakumcheka. Akampeleka mtoni, upande wa chini.

"Weka fimbo, mzee. Piga magoti."

Na yule ambaye hakuwahi kumpigia mtu magoti, akapiga, maji ya baridi yakamfika kifuani.

Ndiyo maana twasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hadithi yangu imekomea hapo. Anayebisha na aingie mtoni.