Injini Aliyoieleza Dukani

Wapendwa, nianze kwa kuwaomba radhi, maana mfano huu nitausimulia vibaya. Mambo ya injini siyajui. Mimi gari likizima njiani hushuka, nikafungua boneti, nikatazama ndani kwa uso wa huzuni, nikafunga. Basi mafundi mlioko humu, nikikosea jina la kifaa, nivumilieni, na msinisahihishe kwa sauti. Hii ni ibada, si gereji. Kwaya, mnacheka nini? Huu ni mfano wa msiba. Tulieni.

Kulikuwa na mwanamume mmoja mwenye boti, upande ule wa ziwa ambako mlima umeshuka mpaka majini na barabara ikakosa pa kupita. Huko ukitaka kwenda sokoni, ni boti. Zahanati, boti. Hata ukitaka kumkimbia mkeo, ni boti, na sharti ungoje ijae.

Boti yake ilikuwa na injini ya dizeli, kuukuu, aliyoirithi kwa baba yake mdogo. Ilikuwa ikikohoa kabla ya kuwaka, na ikishawaka inatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Lakini inakwenda! Na namna yake ya kuitunza ilikuwa hiyo moja: oili ikipungua, anaongeza. Ikipungua tena, anaongeza. Kumwaga ya zamani, kufungua chini, kukwangua? Thubutu. Alijiambia moyoni kwamba kitu kinachofanya kazi usikifungue, utakitia hasira. Na oili aliyoongeza ilikuwa ileile nzito ya kizamani, ambayo hupita juu ya uchafu kama mgeni mwenye adabu: inauona, haisemi.

Sasa, mama mkwe wake akafariki. Alifia mjini, ng'ambo, na alikuwa ameacha neno kwamba azikwe kwao, chini ya mlima, kando ya mumewe. Ukoo ukaketi, ukakata shauri: atakayemrudisha nyumbani ni mkwe wake mwenye boti. Nyie mliooa mnajua uzito wa jambo hilo. Mkwe ni mtu ambaye jina lake hulitaji, kiti chake hukikalii, ukimwona njiani unachepuka kumpa heshima. Leo unaambiwa, mbebe. Ni mtihani wa mwisho, na wasahihishaji ni ukoo mzima.

Bwana yule akasema, sitaaibika. Akavuka mpaka mjini, akaenda duka la spea kununua oili. Laiti angekwenda peke yake! Alifuatana na shemeji yake, kaka wa mkewe, mwanamume ambaye tangu siku ya mahari hakuwahi kuacha kuicheka boti ile. Aliipa jina: Mgonjwa wa Kifua.

Dukani alikuwapo mama mmoja mwenye duka, mtu wa maneno makavu, na mikono yake ina grisi kuliko ya mafundi anaowauzia.

"Karibuni. Poleni na msiba."

"Tumepoa, mama. Nipe oili. Ila leo nipe iliyo bora kuliko zote. Mama mkwe hawezi kusafirishwa kwa oili ya kubahatisha."

"Bora kwa nani? Oili haina bora, baba, ina inayofaa. Injini yako ni ya lini?"

Shemeji akadakia kabla hajaulizwa. "Ya enzi za Mjerumani, mama. Mjerumani mwenyewe aliikimbia."

Mama hakucheka. Akaweka makopo mawili juu ya meza. "Hii ni nzito ya kizamani, haina dawa ndani yake. Hii nyingine ya kisasa ina dawa ya kusafisha. Inabandua masizi na tope lote lililoganda. Kwa injini inayofunguliwa na kusafishwa, hii ni uhai. Kwa injini ambayo haijafunguliwa miaka na miaka, ni balaa. Uchafu wote utabanduka kwa mkupuo, ukimbilie kwenye chujio, uzibe. Oili haitapanda. Chuma kitasaga chuma. Sasa niambie kweli. Tumbo la injini yako umelifungua lini?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwa jepesi. Sijawahi, mama. Basi! Angesema hivyo, mama angempa ile nzito, siku ile ingepita, msiba ungezikwa, na baadaye injini ingefunguliwa taratibu ikasafishwa kwa mkono. Lakini bwana yule akageuza macho, akamwona shemeji yake ameegemea mlango, ameinamisha kichwa, anangoja jibu huku midomo imeshaanza kutabasamu. Wewe ungesemaje? Usinijibu haraka.

"Mimi?" akasema, na kifua kikatangulia mbele. "Mimi kila masika yakiisha naifungua. Ndani mle unaweza kupakulia wali."

"Kweli, baba?"

"Mama, unanifundisha injini yangu?"

Mama akamtazama kidogo, kisha akamsogezea kopo la kisasa. "Basi chukua hii. Kwa injini hiyo uliyonieleza, hupati inayofaa kuliko hii."

Akaenda ufukweni, akafungua nati ya chini. Kilichotaka kutoka kikatoka. Kilichoganda kikabaki. Akamimina oili mpya, nzuri, inang'aa kama asali.

Wakapakia jeneza. Mkewe akaketi upande wa kichwa cha mama yake, mkono juu ya ubao. Kina mama wa kwaya wakaketi pembeni, wakaanzisha pambio. Injini ikawashwa, na jamani, haikukohoa! Iliwaka mara moja, ikaimba. Moshi wenyewe ukapungua. Hata shemeji akainua nyusi.

"Leo Mgonjwa kapona," akasema.

"Ulikuwa huijui tu, shemeji," akajibu bwana yule, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akajisikia mrefu mbele ya wakwe zake.

Uchafu ukiwa unabanduka, mwanzoni injini huimba. Hilo mliweke akilini.

Walipofika katikati, huku nyuma mji umekuwa mdogo na huko mbele watu wa kijijini bado hawaonekani, macho yake yakaangukia kwenye geji ya presha ya oili. Mshale ulikuwa unashuka. Akaigonga geji kwa kidole, kama tunavyogonga sote tusipopenda tunachosomewa. Mshale ukaendelea kushuka. Ikaja harufu ya chuma cha moto. Kisha ikaja sauti, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Kisha kimya. Injini ikawa imenoki, vyuma vimeshikana.

Pambio likakatika katikati ya ubeti. Maji yakawa yanapiga ubavu wa boti tu, polepole.

Mkewe akainua uso. "Baba Tusekile, mbona kimya?"

"Inapumzika."

"Na mama?"

Akatazama mbele. Upande ule wa mbele kaburi lilikwishachimbwa, watu wamesimama ufukweni juani, wanatazama nukta isiyosogea. Mkwe amembeba mama mkwe, na amemwacha katikati ya ziwa.

Shemeji ndiye aliyepasuka kwanza. "Yule mwanamke katuuzia oili mbovu! Katuuzia takataka siku ya kumzika mama! Shemeji, sema. Si oili ile?"

Na bwana yule, wapendwa, akasema, "Ndiyo. Ni oili."

Si uongo, mnaona? Ilikuwa oili. Shetani anapenda sana sentensi za namna hiyo.

Vijana wa kijijini wakaja kwa mitumbwi, wakafunga kamba, wakaivuta boti kwa makasia huku jasho linawatoka, na mama akafika kwake jua likiwa limeinama. Akazikwa. Kila aliyetia udongo alikuwa amekwisha kusikia habari za mwanamke wa duka la spea. Jina lake lilizikwa siku ileile, bila mchungaji.

Maneno yana miguu kuliko boti. Matanga hayajaanuliwa, mama yule wa duka akatokea. Amepanda boti ya watu, kajifunga khanga ya msiba, mkononi kashika spana. Akasalimia wafiwa kwa heshima, akatoa rambirambi yake, kisha akasema mbele ya wote, "Nimesikia nimeua injini. Nionyesheni marehemu."

Wakashuka naye ufukweni, ukoo mzima. Akapiga magoti, akafungua tumbo la injini. Akaingiza mkono, akautoa. Kilichokuwa mkononi mwake hakikuwa oili. Kilikuwa tope jeusi, zito, unaweza kulikata kwa kisu. Akalichomoa chujio, limeziba kama pua ya mtoto wakati wa baridi. Akaliweka juu ya mchanga, watu wote walione.

Shemeji mwenyewe akarudi nyuma hatua. "Hii oili yako imeleta uchafu wote huu?"

"Oili haikuleta, baba. Imeukuta," akasema mama. Kisha akamgeukia mwenye boti, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Mimi nilikupa oili ya injini uliyonieleza. Injini ile ungekuwa nayo, ungefika. Sasa hii hapa mbona siijui? Hukuniambia habari zake."

Bwana yule akamtazama shemeji yake, akatazama ardhi. Alingoja kicheko. Ilikuwa haki yao kucheka.

Hakuna aliyecheka. Aliyesema ni mkewe, naye alisema taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu.

"Baba Tusekile, mama alijua. Miaka yote alipanda boti yako inakohoa, moshi unamwingia machoni, akishuka ananiambia, 'Mwanangu, mkwe wangu ile mashine hajawahi kuifungua, lakini nitapanda yake tu.' Alijua, akapanda. Wewe ulikuwa unamficha nani?"

Ndipo mwanamume yule akakaa chini mchangani, kando ya lile tope lake, akalia. Hakumlilia mama mkwe, maana alikwisha kumlilia. Alilia kwa sababu alikuwa amependwa na mtu aliyejua, naye akaona afadhali asifiwe na mtu asiyejua. Kisha akanyanyuka, akamshika mama wa duka mkono uleule wenye matope, akasema mbele ya wakwe zake wote, "Nilikudanganya. Sijawahi kuifungua."

Basi, ndugu zangu, turudi kwetu sisi. Tunamlaumu Mungu, tunasema tuliomba na haikufaa. Tulifunga, tuliimba, tuliwekewa mikono, na katikati ya safari tukanoki. Lakini ulipoulizwa hali yako, uliieleza injini ipi? Ndoa yako uliyoipeleka kwenye maombi, ndiyo hiyo inayolala nyumbani kwako, au ile unayoieleza kwa shemeji zako? Unamwomba Bwana akupe subira, na ugonjwa wako ni wivu. Unaomba akuongezee nguvu za kuvumilia adui zako, na hao adui ni watu uliowakosea. Unataka Neno likusafishe, lakini likianza kubandua unasema mhubiri kaleta uchafu. Hakuleta kitu, kaukuta.

Na kichekesho cha kusikitisha ni hiki: huyo ambaye unajipamba mbele zake anaijua injini yako. Ameipanda tangu ulipozaliwa. Amevumilia moshi. Hakuuliza lini uliifungua ili akucheke. Ameuliza ili akupe kinachokufaa, usije ukakwama na mizigo ya watu wengine ndani yako. Maana hatunoki peke yetu. Tunanoki na wake zetu wamekaa pale, na watoto, na maiti za watu waliotuamini.

Ukiulizwa, jibu. Sijawahi, Bwana. Ni neno fupi, na linauma kulitoa kuliko jino, lakini hapo ndipo fundi anaposhika spana.

Sasa tusimame, tuombe. Kila mmoja aseme hali ya ndani yake kama ilivyo, bila kuipaka rangi. Na tusipoteze muda kutafuta nani aanze. Aanze yule mtu ambaye kila Jumapili mnamshika mkono pale mlangoni mkamwuliza, "U mzima kweli?" naye anawajibu, "Mzima kabisa, Bwana asifiwe," huku macho yanatafuta pa kupitia. Mnamjua. Ndiye huyu mwenye joho hapa mimbarini. Mzee wa kanisa, hebu funga ule mlango wa nyuma. Naona anataka kutoroka.